Mbio za Kasi za Kurudiarudia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Misuli, Pumzi na Kasi Inayoshuka

Ukurasa huu ni wa wachezaji na makocha wa soka, raga, kikapu, netiboli na mpira wa mikono, michezo ambayo mtu anachomoka, anavuta pumzi kidogo, kisha anatakiwa kuchomoka tena. Mkimbiaji wa mita 100 akimaliza anakwenda kukaa. Winga hana bahati hiyo. Majibu mengine ni marefu kuliko mengine, kwa sababu yako mambo ambayo viwanjani kwetu bado yanafundishwa kinyume.

Ni mbio zipi hasa zinazoitwa za kurudiarudia?

Wataalamu wa fiziolojia ya mazoezi wameweka mpaka: kila mbio isizidi sekunde 10, na pumziko kati ya mbio na mbio lisifike dakika moja. Ukipumzika dakika mbili au tatu, mwili unapata nafasi ya kurudi karibu na ulivyokuwa, na hapo unafanya zoezi la kasi tupu. Hilo ni zoezi jingine lenye faida zake.

Mchezaji wa soka wa kiwango cha juu hupita kilomita 10 hadi 12 katika mechi moja. Sehemu kubwa ni kutembea na kukimbia polepole. Mbio za kasi kamili ni sehemu ndogo, na nyingi hazidumu zaidi ya sekunde 2 hadi 4. Tatizo ni kwamba haziji kwa mpangilio. Beki wa pembeni anapanda kushambulia, mpira unapotea, anarudi mbio, na kabla hajashika kiuno mpira umepigwa tena upande wake. Mechi huamuliwa katika vipande kama hivyo.

Raga ya wachezaji saba ni kali zaidi. Uwanja ni ule ule wa watu 15, kila kipindi dakika 7, mapumziko dakika 2, na mechi kadhaa ndani ya siku mbili. Kenya ilipoifunga Fiji 30–7 katika fainali ya Singapore, Aprili 2016, wachezaji walikuwa wamebeba miguuni uchovu wa mechi zote za kabla yake, na bado walikuwa na kasi ya kumkimbiza mtu uwanja mzima.

Msuli unatumia nini katika sekunde hizo chache?

Msuli haujui ugali wala sukari. Unajua kitu kimoja tu: ATP, kemikali inayovunjwa kila mara uzi wa msuli unapojikunja. Akiba yake ni ndogo ajabu. Kwa mbio ya nguvu zote ingetosha sekunde mbili hivi, kisha ingekwisha. Kwa hiyo mwili lazima uitengeneze upya papo hapo, na una njia tatu.

Ya kwanza ni fosfokreatini, akiba iliyo ndani ya msuli wenyewe, ambayo hurudisha ATP kwa hatua moja tu ya kikemia. Hakuna njia iliyo ya haraka kuliko hiyo. Ya pili ni kuvunja glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa msulini, bila kusubiri oksijeni. Nayo ni ya haraka, lakini huzalisha laktati (ile ambayo watu huiita asidi ya laktiki) na huambatana na kupanda kwa asidi. Ya tatu ni mitokondria, vinu vidogo ndani ya seli, zinazochoma wanga na mafuta kwa oksijeni. Hii inatoa nishati nyingi sana, ila kwa mwendo wa taratibu.

Fosfokreatini ni kama tangi dogo la maji juu ya paa: ukifungua bomba la chini maji yanatoka kwa kishindo, lakini bomba linalolijaza ni jembamba. Bomba hilo jembamba ndilo oksijeni. Kosa linalofanyika ni kudhani njia hizi zinapokezana zamu, moja ikiisha nyingine inaanza. Zote tatu huanza kufanya kazi tangu hatua ya kwanza. Kinachobadilika ni nani anabeba mzigo mkubwa.

Mnajuaje? Nani ameingia ndani ya msuli akaona?

Wameingia, tena kwa sindano. Mwaka 1962 daktari wa Sweden, Jonas Bergström, alianza kutumia sindano nene kuchukua kipande kidogo cha msuli wa paja kwa mtu aliye macho. Tangu hapo ikawezekana kupima msuli kabla na baada ya zoezi, badala ya kukisia kwa kupima damu.

Jaribio linalofaa kujulikana na kila kocha lilichapishwa 1993 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza. Vijana wanane wa kiume waliendesha baiskeli ya maabara kwa nguvu zote sekunde 6, wakapumzika sekunde 30, wakarudia mpaka mara 10. Vipande vya misuli vilichukuliwa kabla na baada ya mbio ya kwanza, na kabla na baada ya ya kumi.

Mbio ya kwanza peke yake, sekunde 6 tu, ilikula zaidi ya nusu ya fosfokreatini yote. Kati ya nishati iliyopatikana bila oksijeni, karibu nusu ilitoka huko na karibu asilimia 44 ilitoka kwenye glikojeni. Ilipofika mbio ya kumi, mchango wa glikojeni ulikuwa umeporomoka hadi kama asilimia 16, na fosfokreatini ikawa inabeba karibu kila kitu kilichobaki upande huo.

Sasa angalia hesabu hii. Nishati isiyotumia oksijeni katika mbio ya kumi ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya mbio ya kwanza. Lakini nguvu ya wastani ya vijana wale ilikuwa bado asilimia 73 ya ile ya mbio ya kwanza. Pengo hilo lilizibwa na nini? Na ile njia ya taratibu, ya oksijeni, ambayo watu huiona ni ya wakimbiaji wa marathoni. Katika mbio moja ya sekunde 6 oksijeni huchangia chini ya asilimia 10 ya nishati. Mbio zikirudiwa, mchango wake katika zile za mwisho unaweza kukaribia asilimia 40.

Kwa hiyo pumzi ina kazi hata kwa mtu wa kasi?

Ina kazi mara mbili. Mosi ni hiyo niliyoitaja: kuchangia ndani ya mbio zenyewe kadiri zinavyoongezeka. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa, ni kulijaza tangi wakati wa pumziko. Fosfokreatini hairudi bila oksijeni. Katika miaka ya 1970 watafiti walifunga mkanda wa hewa kwenye paja la mtu mara tu alipomaliza zoezi, damu isipite. Fosfokreatini ilikaa pale pale chini. Walipofungua mkanda, ikaanza kupanda.

Damu ikipita vizuri, nusu ya kilichopotea hurudi ndani ya nusu dakika hadi dakika moja hivi. Kujaa kabisa huchukua dakika kadhaa, na msuli wenye asidi nyingi huchelewa zaidi. Kwa hiyo pumziko la sekunde 20 halikupi tangi lililojaa hata siku moja. Anayeanza mbio inayofuata akiwa na akiba zaidi ni yule mwenye moyo unaosukuma damu vizuri, mishipa midogo mingi kuzunguka nyuzi za misuli, na mitokondria za kutosha. Mambo hayo yote hujengwa kwa mazoezi ya pumzi.

Je, mwinuko kutoka usawa wa bahari unabadilisha chochote?

Unabadilisha, na unatuonyesha wazi tofauti kati ya mbio moja na mbio nyingi. Olimpiki ya 1968 ilifanyika Mexico City, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ilikuwa nyepesi, na wakimbiaji wa mbio fupi walivunja rekodi: Jim Hines alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.95. Katika mbio ndefu wengi walihema mpaka wakaanguka, na waliong'aa ni watu waliozaliwa na kukulia kwenye miinuko, akina Naftali Temu na Kipchoge Keino wa Kenya.

Hata Ferdinand Omanyala, ambaye zamani alicheza raga, aliandika rekodi mpya ya Afrika ya sekunde 9.77 Septemba 2021 akiwa Kasarani, Nairobi. Mbio moja haihitaji oksijeni nyingi, na hewa nyepesi haimzuii mtu.

Ila timu ya Dar es Salaam ikipanda Mbeya, mita kama 1,700 juu, mchezaji ataona mbio yake ya kwanza ni ile ile ya nyumbani. Ya tano na ya sita ndizo zitakazomwambia yuko wapi, kwa sababu kujaza akiba kunategemea oksijeni iliyopungua. Usikubali kocha akuambie hali ya hewa ni kisingizio, lakini pia usikubali kufungwa mabao manne ukaitupia Mbeya yote.

Asidi ya laktiki ndiyo inayochoma misuli na kumchosha mtu, siyo?

Siyo hivyo hasa. Habari hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, watafiti walipoona misuli ya chura iliyonyimwa oksijeni ikijaa laktati huku ikichoka. Archibald Hill na Otto Meyerhof walipata Tuzo ya Nobel ya 1922 kwa kazi zao juu ya joto na kemia ya misuli, na wazo la asidi kama mchawi likakaa vichwani mwa watu kwa vizazi.

Laktati yenyewe ni mafuta mazuri ya injini. Moyo huichoma. Nyuzi za misuli zisizo na haraka huichoma. Ini huigeuza kuwa glukosi na kuirudisha kwenye damu. Asidi, yaani ioni za haidrojeni, ni suala jingine: katika mbio kali pH ya msuli (kipimo cha asidi, ambacho namba ikishuka asidi imepanda) hushuka kutoka karibu 7.0 hadi 6.6 au chini kidogo. Hilo linapunguza kazi ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha kemia ya mwili) vinavyovunja glikojeni, na ni sababu mojawapo ya mchango wa glikojeni kuporomoka katika lile jaribio la Loughborough.

Lakini majaribio kwenye nyuzi za misuli zilizo katika joto la kawaida la mwili yalionyesha kwamba asidi haidhoofishi mkunjo wa msuli kwa kiasi kilichodhaniwa. Mshukiwa mwingine mkubwa ni fosfeti, mabaki ya fosfokreatini iliyovunjika, ambayo hurundikana na kuingilia jinsi msuli unavyotumia kalsiamu na kuvuta. Kuna potasiamu pia inayotoka nje ya seli na kufanya umeme wa msuli uwe dhaifu, na kuna ubongo wenyewe kupunguza amri inazotuma. Uchovu una baba wengi. Anayekuambia ni laktiki tu amerahisisha mno.

Na maumivu ya kesho yake?

Hayo hayahusiani na laktati kabisa. Laktati kwenye damu hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya mechi. Maumivu ya siku ya pili hutokana na michubuko midogo ndani ya nyuzi, hasa pale msuli unapovuta huku ukirefushwa: kufunga breki, kugeuka ghafla, kuteremka mlima.

Kwa nini mwanzo wa kipindi cha pili miguu ni mizito ilhali tumepumzika dakika 15?

Fosfokreatini imejaa, shida si hapo. Shida ni joto. Ukikaa chini kwa robo saa, joto la misuli ya paja linaweza kushuka kama nyuzi 2, na msuli wa baridi hauvuti haraka. Dakika chache za kukimbia polepole na kuruka ruka kabla ya filimbi zinatosha. Timu nyingi hutoka vyumbani zikisubiri mwamuzi huku mikono iko kiunoni.

Kwa mchana wa Dar, Mombasa au Tanga picha inageuka. Hapo hatari ni mwili mzima kupata joto kupita kiasi. Joto la ndani likivuka nyuzi 39, mbio za kurudiarudia hupungua hata kama msuli wenyewe uko tayari, kwa sababu ubongo unabana amri na damu inagawanywa kati ya misuli na ngozi. Kivuli, maji, na kupasha misuli kwa muda mfupi zaidi.

Kati ya mbio na mbio nisimame, nitembee au nikimbie polepole?

Inategemea urefu wa pumziko, na hapa makocha wengi wanakosea kwa nia njema. Pumziko likiwa sekunde 30 au chini yake, simama au tembea taratibu mno. Ukikimbia polepole, oksijeni ambayo ingejaza fosfokreatini inaliwa na huko kukimbia. Pumziko likiwa la dakika nne hivi, baada ya mbio ndefu za sekunde 30, kuendelea kujisogeza kwa nguvu ndogo kumeonekana kusaidia mbio inayofuata, kwani damu inazunguka vizuri zaidi.

Kwenye mechi huchagui. Lakini mchezaji mzoefu huiba: mpira ukiwa upande wa pili anasimama wima, anahema, haendi popote bila sababu. Mashabiki humwita mvivu.

Kocha wetu anatuzungusha uwanja mara 15 kila jioni. Inatusaidia?

Kwa mtu aliyekaa miezi mitatu bila zoezi, ndiyo, kwa wiki chache. Kwa mchezaji aliye ndani ya msimu, kidogo sana. Kuzunguka kwa mwendo mmoja hakufundishi kuchomoka, wala hakuusukumi moyo hadi kiwango kinachoongeza uwezo wa kutumia oksijeni.

Kilichothibitika kwa wachezaji wa soka ni vipindi vikali. Mwaka 2001 watafiti wa Norway waliwapa vijana wa soka zoezi la dakika 4 mara 4, mapigo ya moyo yakiwa asilimia 90 hadi 95 ya kiwango cha juu, wakikimbia polepole dakika 3 katikati, mara mbili kwa wiki kwa wiki nane. Uwezo wao wa oksijeni ulipanda, umbali waliopita katika mechi uliongezeka kwa asilimia 20, na idadi ya mbio za kasi katika mechi ikawa maradufu. Hakuna aliyewafundisha kukimbia kasi zaidi. Walijengewa uwezo wa kurudi hali yao upesi.

Juu ya msingi huo weka mbio zenyewe. Mpango ninaoupenda: mita 30 mara 6, pumziko sekunde 20 hadi 25, kisha dakika 4 za kupumzika, kisha seti nyingine. Seti mbili zinatosha mwanzoni, tatu kwa walioiva. Mara moja kwa wiki wakati wa ligi, mara mbili kabla ya msimu. Siku nyingine fanya kasi tupu: mita 30 mara 6 hadi 8 na pumziko la dakika 2 au 3 kila mara. Wachezaji watalalamika kwamba wanapumzika sana. Waache walalamike. Ukiwanyima pumziko siku ya kasi hujafundisha kasi tena, umefundisha uchovu, na misuli ya nyuma ya paja ndiyo italipa. Hiyo misuli iimarishwe kwa mazoezi ya nguvu pia, maana ndiyo inayochanika zaidi kwa watu wa kuchomoka.

Naweza kujipima bila vifaa vya maabara?

Unahitaji koni mbili, filimbi na mtu mwenye saa ya kuhesabia sekunde kwenye simu. Pima mita 30, kimbia mara 6 ukianza kila mbio baada ya pumziko la sekunde 20. Tuseme umepata 4.20, 4.26, 4.33, 4.41, 4.48 na 4.55. Jumla ni sekunde 26.23. Kama mbio zote zingekuwa sawa na ile bora, jumla ingekuwa 4.20 mara 6, yaani 25.20. Gawanya 26.23 kwa 25.20, utapata 1.041. Umeshuka kwa asilimia 4.1.

Usiishie kwenye asilimia. Mchezaji mzito anayekimbia 5.00 mara zote sita atapata asilimia 0 na kuonekana shujaa. Tazama jumla ya muda kwanza, asilimia baadaye. Na jihadhari na wajanja wanaobana mbio ya kwanza ili kushuka kwao kuonekane kidogo. Wape mbio moja ya peke yake kabla ya jaribio, uwe na namba ya kuwalinganishia.

Chakula kinahusu nini kama mbio ni za sekunde chache?

Mbio moja haimalizi glikojeni. Mechi nzima inakaribia. Watafiti wa Denmark walichukua vipande vya misuli ya wachezaji baada ya mechi ya soka na kukuta karibu nusu ya nyuzi zimeishiwa kabisa au zimebaki na kidogo mno. Mtu kama huyo, dakika ya 85, anaweza kuwa na pumzi na bado asiweze kuchomoka.

Mapendekezo ya sasa kwa soka ni gramu 6 hadi 8 za wanga kwa kila kilo ya uzito, siku ya kabla ya mechi. Kwa mtu wa kilo 70 ni gramu 420 hadi 560. Nusu kilo ya unga mkavu wa mahindi ina takriban gramu 380, kwa hiyo ugali, wali, ndizi, viazi na uji vinafikisha bila kununua kopo la mtu. Baada ya mechi ngumu, kujaza upya kunaweza kuchukua siku mbili hadi tatu. Timu inayocheza Jumatano na Jumamosi izingatie hilo kuliko mazoezi ya Alhamisi.

Na wakati wa Ramadhani?

Kufunga usiku kucha au mchana kutwa hupunguza sana glikojeni ya ini, lakini ile ya misuli hupungua kidogo tu kama hukufanya kazi nzito. Kwa hiyo aliyekula vizuri futari na daku anaingia uwanjani saa kumi jioni akiwa na misuli yenye akiba. Kinachomwangusha ni maji na usingizi. Zoezi la mbio za kurudiarudia liwekwe baada ya futari, saa mbili au tatu usiku, na mchana zibaki mbinu na ufundi wa mpira. Mechi ikilazimika kuwa mchana, kocha awe na wachezaji wa akiba tayari mapema.

Kreatini ni dawa haramu?

Hapana. Haimo kwenye orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku michezoni. Ni kitu kilichomo kwenye nyama na samaki, kama gramu 4 hadi 5 kwa kilo ya nyama mbichi, na mwili wenyewe huitengeneza. Tangu 1992 inajulikana kwamba kuimeza huongeza akiba ya kreatini na fosfokreatini msulini. Njia ya haraka ni gramu 20 kwa siku, zikigawanywa mara nne, kwa siku 5 au 6, kisha gramu 3 hadi 5 kila siku. Njia ya taratibu ni gramu 3 kwa siku. Baada ya wiki nne hivi utafika pale pale.

Kwa michezo tunayoizungumzia hapa ni mojawapo ya virutubisho vichache vyenye ushahidi wa kutosha. Itakuongezea kilo moja hivi ya maji mwilini, na wasiokula nyama huiona faida zaidi. Hatari iko kwenye kopo: bidhaa za mitaani huweza kuchanganywa na vitu vilivyopigwa marufuku, na kanuni humwadhibu mchezaji, si muuzaji. Mwenye ugonjwa wa figo amuone daktari kwanza. Mchezaji wa ndondo, mashindano ya mitaani, anayelala kwa saa tano tu na kula mara moja kwa siku, pesa hiyo anunue maharage na dagaa.

Nimesikia magadi yanapunguza asidi. Ninywe?

Usinywe. Kinachofanyiwa utafiti ni bikaboneti ya sodiamu, ile soda ya kuokea, kwa gramu 0.2 hadi 0.3 kwa kila kilo ya uzito, saa moja hadi tatu kabla ya shindano. Magadi ya kuchemshia makande ni mchanganyiko mwingine, mkali zaidi, na mara nyingi yana floridi nyingi. Hata soda ya kuokea yenyewe, kwa mtu wa kilo 70, ni vijiko vinne vya chai, na watu wengi huishia kutapika au kuharisha. Faida yake katika mbio fupi za kurudiarudia si ya uhakika. Mwenye shinikizo la damu asiiguse.

Kahawa je?

Kahawa inasaidia wengi. Miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla, ambazo kwa mtu wa kilo 70 ni kama vikombe viwili vya kahawa ya nguvu. Kafeini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004. Mechi ikiwa ya usiku, fikiria na usingizi wako.

Kuna watu ambao zoezi hili ni hatari kwao?

Wapo, na kwetu hili linapuuzwa. Mtu aliyerithi kinasaba kimoja cha selimundu (ugonjwa wa seli nyekundu za damu kujikunja kama mundu) haumwi, anaweza kucheza ligi kuu, na mara nyingi hajui hali yake. Katika baadhi ya maeneo ya Kanda ya Ziwa wako kama mtu 1 kati ya 5. Lakini mbio kali za mfululizo, pumziko fupi, joto na upungufu wa maji vikikutana, hasa siku za kwanza za maandalizi ya msimu, seli zao nyekundu zinaweza kubadilika umbo ndani ya misuli na kuziba mishipa midogo. Wapo wanamichezo waliokufa hivyo, wengi wao katika mazoezi ya kujirudia ya kukimbia. Nchini Marekani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianza kupima wachezaji kwa sababu hii mwaka 2010.

Kipimo ni cha damu na hufanyika katika hospitali nyingi. Mwenye hali hiyo aanze polepole, apewe pumziko refu zaidi, asilazimishwe kumaliza seti. Akisema miguu imeishiwa nguvu ghafla, asimame. Asipigiwe kelele za "kaza, wewe mwanaume". Akianguka akiwa bado anazungumza, akilalamikia misuli dhaifu au inayouma, apelekwe hospitali kama dharura.

Watoto na wanawake wafanye tofauti?

Watoto kabla ya kubalehe hurudi hali yao haraka kuliko watu wazima, ndiyo maana wanaweza kukimbizana shuleni kutwa nzima. Hutegemea oksijeni zaidi na hurundika laktati kidogo. Hawahitaji seti za kupimwa kwa saa. Wape mpira na uwanja mdogo.

Wanawake hushuka kwa asilimia ndogo kuliko wanaume katika vipimo vingi, kwa sehemu kubwa kwa sababu nguvu ya mbio yao ya kwanza ni ndogo, hivyo wanatumia akiba kidogo. Mpango wa mazoezi ni ule ule. Upungufu wa damu uangaliwe zaidi kwao, kwani chuma kikipungua, oksijeni inayofika msulini inapungua, na pumziko la sekunde 20 linakuwa halitoshi hata kidogo.

Nitaanza kuona mabadiliko baada ya muda gani?

Mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, vijana waliofanya mbio za sekunde 30, mara 4 hadi 7 kwa kipindi, vipindi 6 tu ndani ya wiki mbili, waliongeza shughuli ya kimeng'enya muhimu cha mitokondria kwa zaidi ya theluthi. Uwanjani, jipime wiki ya kwanza, kisha wiki ya nne au ya sita, saa ile ile, uwanja ule ule, viatu vile vile. Ukiona mbio ya kwanza haijabadilika lakini ya tano na ya sita zimekaribia ya kwanza, mazoezi ya pumzi yanafanya kazi. Ukiona zote zimepungua kasi, umezidisha. Punguza seti moja na ulale zaidi wiki hiyo.